Ukarabati wa nyumba Lanet: fundi anapiga simu kila asubuhi na kazi haisongi. Mlijipanga vipi?

Muuguzi_Lanet:

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kwa waliowahi kukarabati nyumba huku wanaishi ndani yake.

Tulinunua nyumba ya mawe ya vyumba vitatu huku Lanet, Nakuru. Ni ya miaka ya 1980. Kuta ziko imara, lakini paa linavuja juu ya korido na chumba cha watoto, dari imeoza kwenye pembe, na unyevu wa bafu umepenya hadi ukuta wa sebule. Waya za stima ni zile za zamani; ukiwasha shawa ya stima na pasi kwa pamoja, nyumba nzima inazima. Nataka pia ukuta ulio kati ya jikoni na sebule utoke. Na nje kuna stoo ndogo iliyoezekwa yale mabati mazito ya kijivu ya zamani, nayo nataka ivunjwe.

Fundi tuliye naye ana mikono mizuri, kwa hilo sina shaka. Shida ni mwendo wa kazi. Asubuhi anapiga simu: mama, simiti imeisha. Mimi niko wodini, simu iko kwenye kabati. Nikitoka natuma pesa, duka la hadiwea wanaleta kesho yake, siku imeenda. Kesho inakuwa misumari. Kesho kutwa fundi wa stima amesimama sebuleni anangoja niseme soketi ziwe wapi. Chumba cha watoto walikipaka rangi mapema, halafu ukuta huo huo ukachimbwa kupitisha waya. Pesa inatoka kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ukiniuliza bafu peke yake limekula ngapi, sina jibu.

Mume wangu yuko Mombasa kikazi. Mama mkwe yuko nyumbani mchana na ana macho makali, ila mambo ya ujenzi si yake. Sasa ni Januari na mvua kubwa inakuja mwisho wa Machi. Tumesimamisha kazi kwanza tujipange. Sitaki programu za simu za kulipia. Nataka utaratibu mwepesi ambao mama mkwe anaweza kuufuata bila mimi. Mlifanyaje?

Kaka_Shabab:

Pole dada. Mimi ningemlipa huyo fundi chake aende, nitafute kontrakta achukue kazi yote, vifaa na leba. Utalipa zaidi lakini utalala.

MzeeWaStoo_Butere:

Mulembe, binti yangu. Kaka_Shabab amesema lake na nina heshima kwake, lakini usimfukuze fundi. Umesema mwenyewe ana mikono mizuri, na mtu kama huyo ni wa kushikwa. Alichokosa ni mtu wa kumtandikia kazi mbele yake. Kontrakta naye utamtandikia vile vile, maana hata yeye atauliza soketi ziwe wapi.

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sukari huku Magharibi karibu maisha yangu yote ya kazi. Tangu nistaafu nimesimamia ukarabati wa nyumba yangu hapa Butere, wa dada yangu kule Luanda, na wa kanisa letu. Kote nimeona jambo moja. Kazi husimama kwa sababu kuna uamuzi haujafanywa, au kuna kitu hakijafika. Pesa huja ya tatu. Wengi hupanga pesa kwanza na hayo mawili wanamwachia fundi, na ndiyo maana simu inalia asubuhi. Basi utaratibu wako uanze na maamuzi, halafu vifaa, halafu malipo.

Nunua kaunta buku moja ya jalada gumu. Moja tu. Ifungwe kalamu kwa uzi na ikae mahali pamoja ambapo mama mkwe anaiona. Isitoke nyumbani hata ukiihitaji kazini. Atakupigia picha ya ukurasa.

Kurasa za mwanzo ni za maamuzi. Siku ukiwa umepumzika, shika tepu na chaki, pita chumba kwa chumba na fundi. Andika kila swali ambalo atakuja kukuuliza. Soketi ngapi chumba hiki, na kwa urefu gani kutoka sakafuni? Mlango unafungukia ndani au nje? Sinki ikae chini ya dirisha au pembeni? Vigae vya bafu vifike hadi darini au viishie usawa wa kichwa? Mbele ya kila swali andika nani anaamua, na siku ya mwisho ya kuamua. Siku hiyo huichagui wewe, inatoka kwa kazi inayofuata. Soketi zijulikane kabla ukuta haujachimbwa. Mahali pa choo pajulikane kabla sakafu haijamwagwa. Rangi ya ukuta inaweza kungoja hadi mwisho, kwa hiyo usiumize kichwa nayo sasa, hata watoto wakikuuliza kila jioni. Ukishaamua, chora kwa chaki ukutani: alama ya soketi hapa, swichi hapa, mfereji wa maji hapa. Fundi wa stima akifika hatasimama sebuleni kukungoja. Anasoma ukuta na kuanza kazi.

Kuna maamuzi yanayokula muda mrefu kwa sababu kitu chenyewe hutengenezwa: madirisha ya chuma, grili, milango ya kupimisha, kabati za jikoni. Welda na seremala wana oda za watu wengine. Hizo ziandikwe juu kabisa ya ukurasa. Kabati za jikoni zina sharti lake: zipimwe baada ya plasta na vigae, siyo kabla, kwa sababu plasta inapunguza nafasi na kabati iliyopimwa mapema haitaingia. Lakini seremala ajue tarehe ya kuja kupima tangu sasa.

Mpangilio wa kazi, kwa nyumba yako, ni huu: paa, kisha vya ndani ya ukuta, kisha vya juu ya ukuta. Paa liwe la kwanza kwa sababu ya Machi, na kwa sababu kila utakachofanya chini ya paa linalovuja utakifanya mara ya pili. Halafu mabomba na mifereji ya waya, kuchimba kote kuishe, nyumba nzima, hata vyumba ambavyo hukupanga kuvigusa mwaka huu. Halafu plasta pale palipochimbwa. Halafu dari, vigae, milango, rangi, na mwisho kabisa vifuniko vya soketi na taa. Chumba cha watoto kilipakwa mapema kwa sababu kilionekana rahisi. Urahisi wa chumba usiwe sababu ya kukianza.

Plasta mpya Nakuru mwezi wa Januari na Februari inahitaji mtu wa kuimwagia maji. Jua ni kali, upepo una vumbi, na simiti ikikauka haraka hupasuka nyufa ndogo ndogo. Asubuhi na jioni, wiki nzima. Hiyo ni kazi mama mkwe anaweza kuisimamia vizuri kuliko mimi na wewe. Kisha plasta iachwe wiki 4 hivi kabla ya rangi. Ukipaka ingali na maji ndani, rangi itavimba na kubanduka, na utamlaumu fundi wa rangi bure.

Sasa stoo ya vifaa, ambayo ndiyo kazi yangu. Toa chumba kimoja, hata kiwe kidogo, chenye kufuli. Simiti ikae juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na mifuko isipandane zaidi ya 10. Iliyoingia kwanza ndiyo itoke kwanza. Kila kitu kina ukurasa wake kwenye kaunta buku, na kila ukurasa una safu hizi: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kimeenda kazi gani, kilichobaki, sahihi. Kiwandani tuliita kadi ya stoo. Lori likija, mama mkwe anahesabu kabla ya kutia sahihi risiti. Asubuhi fundi anasema anataka mifuko miwili ya plasta ya korido, anapewa miwili, inaandikwa. Jioni mama mkwe anasoma kilichobaki.

Kazi ya kadi ni zaidi ya kuzuia wizi. Inakwambia kesho. Weka kiasi cha chini kwa kila kitu: simiti ikibaki mifuko 4, oda inapigwa siku hiyo hiyo jioni, haingojwi iishe. Misumari ikibaki kilo 1, vivyo hivyo. Kwa kanuni hiyo moja simu ya "mama, simiti imeisha" haitalia tena, maana wewe utaijua habari hiyo siku mbili kabla ya fundi. Na kwa kuwa kila kilichotoka kimeandikwa kazi yake, siku ukitaka kujua bafu limekula ngapi, utajumlisha.

Kadi pia inakuonyesha kama matumizi yanalingana na kazi. Mchanganyiko wa karai 1 la simiti kwa karai 4 za mchanga, ukipigwa plasta ya milimita 12, mfuko mmoja wa kilo 50 unafunika karibu mita 10 za mraba. Ukuta wa mawe usio sawa utakula zaidi, na hilo ni haki. Lakini mifuko 6 ikienda kwenye ukuta wa mita 20, muulize fundi kwa upole, naye akueleze. Pengine ana sababu.

Jifunze kupima mwenyewe, ni hesabu ya darasa la tano. Tuseme chumba kina mita 4 kwa 3.5. Sakafu ni mita 14 za mraba. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinafunika 0.16, kwa hiyo unahitaji vigae 88. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vya kukata na kuvunjika, inakuwa 97. Nunua vyote siku moja na uangalie namba ya toleo kwenye maboksi iwe moja, kwa sababu vigae vya jina moja vikitoka toleo tofauti rangi huachana kidogo na jicho litaona. Kuta za chumba hicho zina mzunguko wa mita 15. Kwa urefu wa mita 2.7 ni mita 40 na kidogo, ukitoa mlango na dirisha zinabaki 36. Lita moja ya rangi ya ndani hufunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ni lita 7 na ushee. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Fundi akikuandikia ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja, utajua ni nyingi.

Malipo nitayasema kwa ufupi. Leba yote ikubaliwe mara moja, ikatwe kwa hatua, na kila hatua iandikwe itaonekanaje ikiisha. Usiandike "bafu". Andika "bafu: mabomba yamejazwa maji usiku mzima bila kuvuja, vigae vimemalizwa na nafasi kati yake zimezibwa kwa grauti, maji yanaelekea kwenye shimo". Hapo hakuna ubishi. Tuma kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki, lakini fundi pia aandike kwenye kaunta buku kwamba amepokea. Na weka kando asilimia 15 ya bajeti usiyomwambia mtu, kwa sababu nyumba ya zamani ukifungua dari utakuta mambo.

FundiMwashi_Migosi:

Nimesoma maneno ya mzee wetu na nimefurahi. Mimi ni mwashi hapa Kisumu, niseme upande wetu.

Mama, fundi anayeomba pesa kila siku mara nyingi hana tamaa. Ana watu wa mkono, yaani vibarua wake, ambao wanalala njaa asipowapa jioni. Kwa hiyo ukikata kazi kwa hatua, weka pia ya matumizi kila Jumamosi, itolewe kwenye hatua hiyo. Usipofanya hivyo ataingia kazi ya mtu mwingine katikati ya yako ili watu wake wale, na wewe utasema amepotea.

Paa: hapa kwetu mawingu ya ziwa hufunga alasiri, kwa hiyo hatufungui bati nyingi kuliko tunazoweza kufunika kabla ya saa nane mchana. Nakuru hamna ziwa la namna hiyo lakini fuateni hivyo hivyo, maana watoto wanalala chini yake. Upande mmoja ufunguliwe, mbao zilizooza zibadilishwe, ufungwe, ndipo mhamie mwingine.

Bafu: kabla ya kigae hata kimoja, ziba shimo la maji, jaza maji sakafuni kina cha vidole viwili, weka alama ya kalamu ukutani pale maji yalipofika, ngoja siku nzima na usiku wake. Yakishuka chini ya alama na ukuta wa sebule ukaloa, umepata ugonjwa wako kabla haujafunikwa. Wenye nyumba wengi wanaharakisha hapa kwa sababu wanataka kuona vigae. Mimi hukataa kuendelea hata mwenye nyumba akikasirika.

Na jambo moja linalotuumiza sana: mabadiliko ya mdomo. Mwenye nyumba anapita jioni anasema, hebu hapa ongeza rafu. Mwezi unaisha, rafu, dirisha dogo, hatua za mlango, na bei ni ile ile ya kwanza. Mkiwa na kaunta buku, badiliko liandikwe na bei yake siku hiyo, kabla sijashika mwiko. Hapo tunabaki marafiki.

Stima_Nyalenda:

Kuhusu nyumba kuzima. Shawa ya stima nyingi hula kilowati 5 hivi, ambayo kwa volti 240 ni zaidi ya ampea 20 peke yake. Kama imeunganishwa na laini ya soketi, lazima izime ukiongeza pasi, na shukuru inazima maana ingeweza kuunguza waya ndani ya ukuta. Shawa ipate waya wake wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa fyuzi, na swichi yake ya kukata. Soketi waya wa 2.5, taa 1.5. Mwambie fundi wa stima akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kabla hajaanza. Mwenye leseni haoni haya kuionyesha.

Mwalimu_Lurambi:

Dada, mimi niko Kakamega na nilikarabati nyumba ya mama kule Vihiga nikiwa nafundisha. Nyongeza yangu ni picha. Kabla ukuta haujapigwa plasta, kila mahali palipopita bomba au waya, tulipiga picha tepu ikiwa imenyooshwa ukutani kutoka pembe ya chumba, namba zikisomeka. Baadaye nilipotaka kutundika rafu jikoni nilijua bomba liko sentimita ngapi kutoka pembeni. Picha hizo zitunze mbali na simu ya fundi, hata kwa kuzichapisha na kuzibandika kwenye kaunta buku ya mzee.

Kila jioni mama alinitumia picha tatu kwa WhatsApp: kazi ya leo, ukurasa wa stoo, na chochote asichokielewa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyosaidia zaidi. Mtu asiyejua ujenzi huona mambo ambayo fundi ameyazoea. Aliona maji ya sinki yanaelekezwa kwenye mti wake wa parachichi, akauliza, na bomba likageuzwa mapema.

Muuguzi_Lanet:

Asanteni sana. Mzee, nimenunua kaunta buku leo. Mama mkwe ameipenda; aliwahi kuwa mweka hazina wa chama cha akina mama na anasema kazi ya kuandika kilichoingia na kilichotoka ameifanya miaka mingi. Tumepita vyumba vyote na chaki.

Nina maswali matatu yamebaki. Fundi anataka nusu ya leba mapema, na leba yote ni 180,000. Nimwambie nini bila kumvunja moyo? Pili, ukuta wa jikoni uingie hatua gani? Tatu, ile stoo ya nje naona ni kazi ndogo, vijana wawili wanaweza kuibomoa kwa nyundo wikendi hii tukiwa tumesimama. Waendelee?

MzeeWaStoo_Butere:

Naanza na la tatu kwa sababu ni la haraka. Wasiguse. Mabati mazito ya kijivu, yanayofanana na simiti, kwenye nyumba ya miaka hiyo, mara nyingi ni asbestosi. Yakiwa mazima yametulia hayana neno kubwa. Yakivunjwa kwa nyundo au kukatwa kwa msumeno hutoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana, na vumbi hilo huleta magonjwa ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Wewe muuguzi unayajua kuliko mimi. Kanuni za taka zinayahesabu kama taka hatari, na hutolewa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Uliza ofisi ya NEMA hapo Nakuru wakupe orodha. Mpaka hapo, funga mlango wa stoo, watoto wasicheze huko, na kama kuna kipande kimeanguka kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kazi hii iandike kwenye ukurasa wa maamuzi na tarehe yake, iwe nje ya kazi ya nyumba kabisa. Isikucheleweshee paa.

Ukuta wa jikoni: usiuweke kwenye hatua yoyote mpaka mhandisi aje auone. Ukuta wa mawe unaweza kuwa umebeba paa, na haijulikani kwa kuugonga. Kubomoa ukuta kunahitaji pia kibali cha kaunti, tofauti na kupaka rangi. Kama mhandisi atasema unaweza kutoka, basi uende mara tu paa likiisha, kabla ya kuchimba waya, kwa sababu jiwe la mwisho likianguka litapiga kila kitu kilicho karibu. Kama jibu lake halijapatikana kufikia siku ya kuchimba, acha ukuta ubaki. Pitisha waya za jikoni kwenye kuta nyingine ili nafasi ya kuubomoa mwaka ujao ibaki.

Nusu ya leba usitoe, na usimwambie tu hapana. Kaa naye mezani, mpe chai, mfungulie ukurasa. Mweleze hivi: elfu 18 zitangoja mwisho, hadi mvua ya kwanza inyeshe na paa lionekane halivuji. Zinabaki 162,000. Paa na dari 50,000. Bafu lote pamoja na vigae 45,000. Plasta na sakafu 40,000. Rangi na milango 27,000. Ndani ya kila hatua, Jumamosi atapata ya watu wake wa mkono kama alivyosema mwashi wa Migosi, na itaandikwa. Siku ya kuanza kila hatua, vifaa vyake vyote vitakuwa stoo, na maamuzi yake yote yatakuwa yamechorwa ukutani. Hilo ndilo utakalompa badala ya ile nusu. Fundi anajua hasara ya siku ya kukaa bure. Watu wake wanakula na kazi haisongi. Ukimhakikishia hatakaa, utaona anakubali.

Na umwambie kitu kimoja zaidi: kufikia saa kumi jioni kila siku, kabla hajanawa mikono, yeye na mama mkwe wasimame pamoja mbele ya kaunta buku wasome ukurasa wa kesho. Kinachokosekana kinapigiwa hadiwea kabla hawajafunga, nao walete asubuhi. Mbao za paa ziagize Jumatatu, ziwe zimekauka, na kila moja ikaguliwe kwa macho ikiwa bado juu ya lori. Iliyopinda irudi na lori hilo hilo.